Somo la 14: Gari Linalolia Alfajiri Linaumwa Nini?

Wiki iliyopita tulimaliza homa ya mtoto usiku. Leo nimeletewa mgonjwa mwingine kabisa, na najua kuna mtu atasema, "Sista naye, nesi na injini wapi na wapi?" Tulia kidogo. Soma mpaka mwisho, halafu utaniambia kama sikuwa na sababu.

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Mwenge. Anasema gari lao likiwashwa asubuhi linapiga kelele kali, kama paka aliyekanyagwa mkia, mtaa mzima unaamka. Baada ya dakika moja linanyamaza, siku nzima linatembea vizuri. Mume anasema ni kawaida ya magari ya mtumba. Yeye ana mimba ya miezi saba na anaogopa. Je, anaogopa bure?

Haogopi bure. Ila pia asilie. Twende taratibu.

1. KWA NINI HILI NI SOMO LA KLINIKI

Ukija kliniki ya wajawazito, moja ya mambo tunayokuuliza ni mpango wako wa kujifungua. Utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza? Nani atabaki na watoto? Nani anaweza kukutolea damu ikihitajika? Pesa umeweka kiasi gani? Na utafikaje hospitali?

Kwenye swali la usafiri, akina mama wengi wa mjini hujibu haraka: "Tuna gari, Sista." Basi, tunaandika, tunaendelea. Ila mimi siku hizi naongeza swali moja: hilo gari likoje likiwashwa saa 9 usiku, likiwa limelala tangu jioni?

Nina sababu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika juu ya vifo vya wajawazito, wakavipanga katika ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kupata huduma ukishafika. Mpaka leo tunafundishwa hivyo. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au aliyeshikwa na kifafa cha mimba, hesabu yake ni ya dakika. Gari lisilowaka getini linaingia moja kwa moja kwenye ule ucheleweshaji wa pili.

Kwa hiyo gari la familia ni kifaa cha afya, sawa na kipimajoto na chandarua. Na ile kelele ya alfajiri ni dalili. Dalili haipuuzwi wala haiogopwi, inachunguzwa.

2. NI NINI HASA KINACHOLIA

Ukifungua boneti, pembeni ya injini utaona mkanda mweusi wa mpira unaozunguka kwenye magurudumu madogo ya chuma yanayoitwa puli. Wengi tunauita mkanda wa feni, au fenibelti. Jina hilo ni la zamani, kutoka wakati ambapo mkanda ndio ulikuwa unazungusha feni ya rejeta. Kwenye gari ndogo nyingi za siku hizi feni inazunguka kwa umeme, lakini jina limebaki.

Mkanda unafanya kazi kubwa. Unachukua nguvu ya injini na kuipeleka kwa alternata, ile mashine inayotengeneza umeme na kuchaji betri. Kwenye gari nyingi unazungusha pia pampu ya maji inayopoza injini, na kompresa ya AC. Kwenye gari zenye usukani wa mafuta unazungusha na pampu ya usukani. Magari mengine yana mkanda mmoja kwa vyote, mengine yana miwili.

Mkanda ukishika puli vizuri, husikii kitu. Ukiteleza juu ya puli badala ya kushika, mpira unasuguana na chuma kwa kasi, na ndipo unapiga ule mluzi. Kwa hiyo kelele maana yake ni hii: kuna mahali mzigo umezidi nguvu ya mkanda kushika. Ama mkanda umedhoofika, ama mzigo umeongezeka, ama vyote viwili.

Naomba usichanganye mkanda huu na mkanda wa taimingi. Ule umefichwa ndani ya kava, na kazi yake ni nyingine. Na siyo kila gari linao: Toyota IST yenye injini ya 1NZ, kwa mfano, hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Ukiambiwa "badilisha mkanda", uliza upi.

3. KWA NINI ALFAJIRI TU

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Linalia dakika moja, linanyamaza, basi wanasema limepona. Halijapona. Hali iliyokuwepo alfajiri ndiyo imebadilika.

Najua Dar hatuna baridi ya Makete. Hata Julai ukivaa sweta ni kwa mbwembwe. Lakini fundi akisema injini ya baridi hazungumzii hali ya hewa. Anamaanisha injini iliyozimwa saa nyingi ikapoa kabisa. Alfajiri mambo matatu yanakutana.

La kwanza, mpira umepoa na umekuwa mgumu kidogo, kwa hiyo haushiki kama ukiwa na joto. Mkanda wa zamani uliokauka na kung'aa unaonyesha tabia hii zaidi.

La pili, unyevu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na wakati wa masika na vuli ndiyo usiseme. Umande au maji ya mvua yakikaa kwenye mkanda na puli, panateleza.

La tatu, ambalo watu hawalijui, ni betri. Ukipiga stata umeme mwingi unatoka kwenye betri kwa mara moja. Injini ikishawaka tu, alternata inaanza kazi ya kurudisha umeme ule. Dakika za mwanzo inakuwa ngumu kuzungusha kuliko wakati mwingine wote. Ni mkanda unaoibeba. Ukiongeza taa kubwa na AC juu yake, mzigo unazidi.

Baada ya muda betri inakuwa imerudishiwa kiasi, mpira umepata joto, unyevu umekauka. Kelele inaisha. Ukifika gereji saa 3 asubuhi gari liko kimya kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu akifika kwa daktari anacheka. Wenye watoto mnanielewa.

4. MASWALI KABLA YA SPANA

Kliniki hatukimbilii sindano. Tunauliza kwanza. Kwa gari ni vile vile, na maswali haya unaweza kuyajibu wewe mwenyewe bila kujua hata spana ya ngapi ni ipi. Chukua daftari, siku tatu nne, andika:

Inalia lini? Kila asubuhi, au zile asubuhi za mvua tu? Na jioni likiwa limesimama kazini siku nzima, je?

Inalia kwa muda gani? Sekunde tano ni tofauti na dakika tatu. Je, muda unaongezeka wiki hadi wiki?

Nini kinaizidisha? Likiwa linalia, muombe dereva awashe taa kubwa. Kisha AC. Kisha akate usukani mpaka mwisho. Kimoja kimoja, siyo vyote kwa pamoja. Kelele ikizidi kwenye taa, fikiria upande wa alternata. Ikizidi kwenye AC, fikiria kompresa. Ikizidi kwenye usukani na gari lina usukani wa mafuta, fikiria pampu ile.

Likikaa siku mbili bila kuwashwa, kelele inakuwa ndefu zaidi? Swali hili shika sana, nitarudi kwake.

Na stata ikoje? Inazunguka kwa nguvu, au inajivuta kivivu kama mtu aliyekesha?

Halafu rekodi video kwa simu alfajiri ile ile. Tunawaambia akina mama wenye watoto wanaopata degedege nyumbani: kama kuna mtu wa pili na mtoto yuko salama, rekodi, kwa sababu ukifika kwetu limeshaisha na maelezo ya mdomo hayatoshi. Fundi naye ni hivyo hivyo. Video ya sekunde thelathini itamsaidia kuliko wewe kumuigizia "linafanya kwiiiii".

5. SAUTI TATU, MAGONJWA MATATU

Siyo kila kelele ya asubuhi ni ile ile. Sikiliza vizuri.

Mluzi mrefu, mkali, usiokatika: mara nyingi mkanda unateleza. Umelegea, umeisha, umeingia mafuta au maji, au mzigo umezidi.

Sauti fupi fupi zinazojirudia, chwi-chwi-chwi, kama kifaranga, zikienda na kasi ya injini: mara nyingi puli hazijakaa mstari mmoja, au mkanda umechakaa upande.

Sauti ya kukwaruza au kuvuma, kama jiwe linasagwa: hiyo siyo ya mkanda. Fikiria beringi ya alternata, ya pampu ya maji, au ya puli ya kukazia. Beringi ikikwama kabisa inaweza kukata mkanda mpya siku hiyo hiyo uliofungwa.

Kuna kipimo kizuri cha mafundi kinachotumia maji. Fundi anadondosha matone machache kwenye upande wa ndani wa mkanda wenye mistari, injini ikiwa inalia. Sauti ya kifaranga ikipotea kwa muda kisha ikarudi, inaelekeza kwenye puli zisizo mstari mmoja. Mluzi ukizidi, inaelekeza kwenye mkanda usiokazwa vya kutosha. Nimekwambia ili ukimuona fundi anafanya hivyo ujue anajua kazi. Wewe usifanye, na chini nitakwambia kwa nini.

6. MGONJWA ALIYEBADILISHIWA MKANDA NA BADO AKALIA

Jirani yangu mmoja, amenipa ruhusa nisimulie ila jina nabaki nalo, alikuwa na mimba ya wiki 34 gari lao lilipoanza kulia. IST ya mtumba. Mume anatoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni ya Bagamoyo Road, kwa hiyo sisi wote tulikuwa tunaamshwa.

Wakapeleka gereji, mkanda ukabadilishwa. Kimya. Siku kama kumi, kelele ikarudi. Fundi akasema sasa ni alternata, ibadilishwe nzima. Shemeji akaanza kutafuta pesa, na pesa yenyewe ilikuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya kujifungua. Jirani akanifuata getini: "Sista, hii pesa nitoe kweli?"

Mimi siyo fundi. Ila kuuliza maswali ndiyo kazi yangu, nikamuuliza yale yale niliyokuandikia hapo juu. Akawa anajibu huku anahesabu kwa vidole. Inalia asubuhi tu, kama dakika moja. Wakienda sokoni, wakizima gari saa nzima na kuliwasha tena, halilii. Taa zikiwa zimewashwa, inalia zaidi. Na Jumatatu, gari likiwa limelala tangu Ijumaa jioni, inalia muda mrefu kuliko siku zote. Stata nayo inajivuta.

Hapo kwenye Jumatatu ndipo pa kusimama. Kama tatizo ni baridi ya usiku peke yake, usiku mmoja na usiku mitatu ungelia sawa, maana injini ikishapoa imepoa. Lakini betri dhaifu kila siku inayokaa inapungua zaidi. Ikipungua zaidi, alternata ina kazi kubwa zaidi ya kuijaza, na mkanda unabeba mzigo mrefu zaidi. Nikamwambia: kabla hamjanunua alternata, mtafuteni fundi umeme wa magari apime betri asubuhi, kabla gari halijawashwa.

Fundi umeme alikuja siku ya pili saa 12 asubuhi, mzee mmoja mtaratibu sana. Akaweka mita kwenye betri: volti 12.0. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inatakiwa kuwa karibu na 12.6. Akawasha gari, likalia, akaweka mita tena: volti 14.1. Akacheka. "Alternata yenu nzima kabisa." Injini ikiwa inaunguruma, alternata nzima huonyesha kama volti 13.5 mpaka 14.7. Kisha akazima, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ulikuwa unabonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

Kumbe wagonjwa walikuwa wawili. Betri imezeeka, haishiki umeme. Na mkanda mpya baada ya siku kadhaa za kazi hukaa kwenye puli na kulegea kidogo, unatakiwa kukazwa tena, na hakuna aliyewaambia warudi. Kwenye gari hizi ndogo nyingi mkanda hukazwa kwa kusogeza alternata na kufunga bolti. Ni kazi ya dakika chache.

Wakabadilisha betri, mkanda ukakazwa. Kelele ikaisha. Pesa nyingine ikabaki kwenye bahasha yake. Wangefunga alternata mpya, wangekuwa na alternata mpya, mkanda uliolegea, betri ile ile inayokufa, na bahasha tupu.

Uchungu ulimshika wiki ya 39, saa 8 usiku. Gari likawaka mara moja. Barabara ya Sam Nujoma ilikuwa nyeupe, wakafika mapema, akajifungua salama saa 12 asubuhi.

7. UNACHOWEZA KUKITAZAMA MWENYEWE

Gari likiwa limezimwa, funguo mkononi mwako, injini imepoa. Washa tochi ya simu.

Uso wa mkanda unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi? Umekuwa mgumu na unateleza.

Kuna nyufa nyingi zinazokatiza, nyuzi zimechomoza pembeni, au kipande cha mstari kimetoka? Unabadilishwa, usisubiri.

Hauna nyufa? Usishangilie bado. Mikanda ya zamani ilikuwa inapasuka wazi wazi. Mpira unaotumika kwenye mikanda mingi ya sasa haupasuki mapema, unalika taratibu kama tairi. Unaweza kuonekana mzuri kumbe mifereji yake imeshapanuka na hauna tena pa kushikia. Fundi mzuri ataulinganisha na mpya.

Kuna mafuta, au maji ya rejeta ya kijani au ya pinki, kwenye mkanda au karibu yake? Basi kinachovuja kitengenezwe kwanza. Kufunga mkanda mpya chini ya pampu inayovuja ni kama kubadilisha nepi bila kutibu kuhara.

8. KANGA, WATOTO, MOSHI NA REJETA

Sehemu hii ndiyo ya uuguzi kabisa, naomba msiiruke.

Injini ikiwa inawaka, mkono wako, kanga, mtandio, ushungi, rasta na kamba ya kitambulisho vikae mbali na boneti lililofunguliwa. Mkanda unazunguka kwa kasi ambayo jicho halioni, na kidole kikivutwa kati ya mkanda na puli hakuna muda wa kupiga kelele. Ndiyo maana nimesema kipimo cha maji mwachie fundi. Hata injini ikizimwa, feni ya umeme ya baadhi ya magari inaweza kuanza yenyewe. Watoto wawe ndani ya nyumba.

Usiliache gari liunguruma kwenye banda lililofungwa, wala chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto, eti unasubiri kelele iishe. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, watu wanadhani ni malaria au uchovu. Mjamzito na mtoto aliye tumboni wako hatarini zaidi. Nyumba zetu zimebanana, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo geuza gari upande wa bomba la moshi uelekee nje.

Gari likichemka njiani, usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yale yako chini ya presha na yanaruka usoni. Simama, zima, subiri lipoe kabisa. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo unga. Kisha hospitali.

9. DAWA ZA KUZIBA MDOMO

Utaambiwa paka sabuni ya kipande. Utaambiwa paka mshumaa. Dukani kuna na kopo la kupuliza. Ukipaka, kelele inaweza kunyamaza, na ndiyo hatari yenyewe. Ni sawa na kumpa mtoto dawa ya kikohozi anyamaze usiku wakati ana nimonia. Vitu hivyo vinashika vumbi, vinaharibu uso wa mkanda, na vinakufichia dalili iliyokuwa inakuonya.

Na usimwambie fundi "kaza mpaka mwisho". Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaua beringi za alternata na za pampu ya maji. Kila gari lina kiasi chake.

10. LINI USISUBIRI HATA KESHO

Kelele ya sekunde chache baada ya mvua kubwa, kisha kimya wiki nzima: tazama mkanda, panga siku ya gereji, siyo dharura.

Kelele ya kila asubuhi inayozidi urefu: wiki hii hii.

Kelele pamoja na harufu ya mpira unaoungua, au taa ya betri kwenye dashibodi ikibaki inawaka, au sauti ya kukwaruza: leo. Usilibebe kwenda nalo Kibaha.

Kelele ikakoma ghafla, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito: mkanda unaweza kuwa umekatika. Kama ndio unaozungusha pampu ya maji, injini itachemka ndani ya muda mfupi. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Ukiiona nyekundu, toka barabarani mahali salama, zima. Kuendelea "mpaka hapo Makongo tu" ndiko kunakoua injini.

11. UKIENDA GEREJI

Mpe fundi video na daftari lako. Mwambie: "Fundi, naomba upime betri kwanza, kabla na baada ya kuwasha, kisha uangalie mkanda, puli na uvujaji, ndipo uniambie tununue nini." Kama kelele ni ya asubuhi tu, liache gari pale usiku, awashe yeye mwenyewe alfajiri.

Ukinunua mkanda, soma maandishi mgongoni mwa ule wa zamani. Kwa mfano 4PK1000 maana yake ni mistari minne, urefu wa milimita 1000. Andika namba ya kwako, ulizia bei maduka matatu, na usikubali "unakaribiana". Baada ya siku chache rudi ukazwe tena kama gari lako ni la kukaza kwa mkono.

12. MPANGO WA PILI

Sasa dada yangu wa miezi saba, na wewe mwingine unayesoma huku umeshika tumbo. Hata gari likitengenezwa, kuwa na mpango wa pili. Namba ya bodaboda haitoshi kwa mama anayetokwa damu. Ongea leo na jirani mwenye gari, na dereva wa bajaji au teksi unayemfahamu analala mtaa gani. Weka simuni namba 115, ni ya bure, ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mfundishe na dada wa nyumbani kuipiga.

Na dalili hizi hazisubiri gari gani limewaka: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona maluweluwe, degedege, maji kupasuka kabla ya wakati, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Hapo anayekuwahi kwanza ndiye unayepanda.

Shemeji zangu, hili ombi langu kwenu. Mkeo akikwambia gari linalia, usimjibu "magari yote yanalia". Kesho saa 11 simama naye hapo nje dakika mbili, msikilize wote.

Niandikieni hapa chini: gari lako likilala siku mbili, linalia zaidi au sawa? Nitajibu mmoja mmoja nikitoka zamu. Alhamisi tunarudi kwa watoto, somo la 15: kiti cha mtoto kwenye gari, na kwa nini kumpakata mbele siyo kumlinda.